Mwendo wa Aliye Nyuma

Mwalimu wa Kiingereza alikuwa hajafika bado, na tayari Simeon wa jikoni alikuwa ameunguza mchuzi kwa mawazo.

Bwana Dedan, meneja wetu mpya, alitukusanya kwenye ukumbi wa kulia baada ya wageni kumaliza chai ya asubuhi, akatupa habari ambazo yeye aliziona njema. Wenye hoteli wamekubali tusomeshwe Kiingereza cha kazi. Ila kabla ya masomo kuanza, atakuja mwalimu kutoka Mombasa azungumze na kila mmoja wetu, ajue nani anajua nini na nani anahitaji nini. Alisema hayo akitabasamu. Sisi tulitoka pale kama watu waliosomewa hukumu.

Usituone wajinga. Hoteli moja ya jirani, hapo hapo Kikambala, ilileta mtu wa kuzungumza na wafanyakazi vivyo hivyo, kwa upole, kwa chai na biskuti. Haukupita muda, wengi wao walikuwa wakiuza madafu kando ya barabara. Na wenzetu wa pwani walikuwa na kumbukumbu zao za zamani zaidi: wapimaji wakija mashambani, wakiondoka kuna mtu hana shamba. Kwa hiyo mwaka ule wa themanini na sita, ukiambiwa mtu anakuja kukuchunguza kwa faida yako, ulianza kufunga mizigo.

Mimi ni Nduku. Kwetu ni Kibwezi. Pwani nililetwa na mume ambaye baadaye alipotea, na habari zake sizitafuti. Nilikuwa msimamizi wa dobi, kazi ya mvuke na sabuni na shuka zisizokwisha. Ulimi wangu ulikuwa mkali, na bado ni mkali. Kiingereza changu kilitosha kugombana na fundi wa mashine, basi kwa nafsi yangu sikuwa na wasiwasi mkubwa. Niliyemhofia ni Kahonzi.

Kahonzi alisafisha vyumba vya juu, vile vinavyotazama bahari. Tulipanga chumba kimoja Majengo, kitanda changu huku, chake kule, pazia katikati. Watoto wake alikuwa amewaacha kwa mama yake Kakuyuni, nyuma ya Malindi, na mshahara wake ndio uliokuwa unga wao, karo yao na dawa ya kifua ya bibi yao. Shule hakuigusa hata kwa ncha ya kidole. Kiswahili alikisema kwa sauti ya kwao ya Kigiriama, tamu kusikia, lakini Kiingereza kilimpita hivi hivi.

Na siku hizo hakuwa yeye. Chakula alikichokoachokoa tu. Aliniomba nimwombee kazi ya dobi.

"Dada Nduku, hata kwenye pasi n'tasimama kutwa. Nihamishie huku chini."

"Utaungua mikono," nikamwambia, "na huku hakuna bakshishi. Watu wanalilia vyumba vya juu, wewe wavikimbia?"

Aligeuka akarudi juu. Tena alikuwa amezua tabia mpya: akiingia chumbani kusafisha, ndoo yake ya maji aliiweka kizingitini, ikizuia mlango usifungike. Mgeni mmoja nusura ajikwae, na Bwana Dedan alimgombeza Kahonzi mbele ya watu. Ndoo ikaingia ndani kwa muda, kisha ikarudi kizingitini. Nilimcheka. Nilimuuliza kama anaogopa chumba kitamtoroka. Nilidhani ni hofu ya Kiingereza inayomvuruga akili.

Siku moja kabla ya mwalimu kufika tulikutana nyuma ya dobi, kwenye kamba za kuanikia. Ilikuwa majira ya mvua, wageni wachache mno, kwa hiyo hakuna aliyetutafuta. Aliyetuita ni Mzee Mramba, mkuu wa bustani, mtu aliyefyeka msitu wa pale kabla hoteli haijawekewa hata jiwe la kwanza. Tulimpa shikamoo kila mmoja, akaitikia kila mmoja, ndipo akasema.

"Kwetu kukiwa na mweria, watu hulima shamba la mwenzao kwa mstari mmoja. Mwenye nguvu hamtangulii mnyonge. Jembe la mbele hungoja jembe la nyuma. Ukimtangulia mwenzio, wamwonyesha mwenye shamba nani hawezi."

Nilimwelewa. Kwetu Ukambani kazi hiyo twaiita mwethya.

"Basi," akaendelea, "hapa hapana ajuaye Kiingereza. Kila mmoja akiulizwa, hajui. Akiulizwa ahitaji nini, ahitaji salamu tu. Hivyo hivyo, wote, neno moja. Kumfukuza mmoja ni rahisi. Kutufukuza sote wataweza?"

Karisa, weita, alishika kiuno. Karisa alikijua Kiingereza, na Kijerumani cha kutosha kuwachekesha vikongwe wa Ujerumani mpaka wakashika meno yao ya bandia.

"Hata mimi, mzee? Nijifanye bubu?"

"Meneja hajamaliza mwezi, na kutwa yuko ofisini na mafaili yake. Atajuaje? Hebu jifanye. Dada yako Kahonzi hana hata neno moja. Wataka aonekane peke yake?"

Sote tukamtazama Kahonzi. Alikuwa akivuta uzi kwenye ukingo wa leso yake.

"Na mtu akiwa na neno lake la kusema?" akauliza, chini chini.

"Neno lako ni letu, mwanangu," Mzee Mramba akamjibu kwa upole. "Usitoke mstarini. Haya yote twayafanya kwa ajili yako."

Nami nikamminya mkono, ajue nipo naye.

Mwalimu aliitwa Idah, mwanamke kijana mwenye sketi ya marinda na sauti isiyo na haraka. Alipewa kile chumba kidogo kando ya mapokezi. Nilitarajia karatasi ya mtihani. Badala yake aliniuliza, kwa Kiswahili, siku yangu huanzaje. Nani huzungumza nami kazini? Ni wapi maneno huniishia?

"Sijui Kiingereza," nikasema. "Nahitaji salamu."

"Sabuni ikiisha mama, na mwenye duka la sabuni ni Mhindi asiyetaka Kiswahili, huwa unamwambiaje?"

"Kwa salamu."

Alinitazama sana. Nilitoka nje nikiwa na jasho mgongoni, lakini nikijiona shujaa. Karisa naye alitoka akijipangusa uso, akasema alipoulizwa jina lake kwa Kiingereza aliangalia dari kama mtu anayetafuta mjusi. Tulicheka, ule ucheko wa watu wenye hofu, unaokatika ghafla.

Kahonzi aliingia mwisho. Alikaa sana mle ndani. Alipotoka macho yalikuwa mekundu.

"Kakuuliza nini?" nikamwahi.

"Kaniuliza wapi maneno huniishia."

"Nawe?"

"Nikasema salamu. Kama mlivyotaka."

Akachukua ndoo yake akapanda ngazi, polepole, kama mtu anayepanda kwenda kwa daktari.

Siku ya pili yake, taipisti wa ofisini, Easter, alikuja mbio dobi. Hakuwa na kawaida ya kushuka kwetu. Alichukia mvuke kwa ajili ya nywele zake. Nilipomwona amesahau nywele, nilijua mambo yameharibika.

"Nduku, mmefanya nini nyinyi? Mwalimu amemwambia meneja hakuna hata mmoja mwenye Kiingereza. Na meneja amesema kama ni hivyo masomo hayana maana. Msimu uko mlangoni. Ataagiza vijana waliosomea kazi ya hoteli Nairobi, waje tayari wamepikwa. Anawapigia simu wenye hoteli leo alasiri."

"Nafasi za nani hizo?"

"Za wote wanaokutana na wageni. Vyumba, meza, mapokezi. Na dobi amesema ataiangalia."

Niliacha pasi juu ya shuka. Sikukumbuka kuizima, Kadii msaidizi wangu ndiye aliyeiwahi. Nilitoka mpaka kwenye maua na nikamkuta Mzee Mramba anamwagilia, nikasahau heshima yote niliyofundishwa.

"Mstari wako umetupeleka shimoni, mzee! Umesema hawatatufukuza sote. Haya, wanatufukuza sote!"

 Mpira wa maji ulikuwa ukimwagika juu ya viatu vyake naye hauoni. Watu wakaanza kukusanyika, kila mmoja na lawama yake mkononi. Karisa alisema yeye alijua tangu mwanzo. Simeon alisema twende tukaseme ukweli mara moja, kila mtu na Kiingereza chake, atakayebaki nyuma abaki.

"Atakayebaki nyuma ni Kahonzi," nikamwambia.

"Ndiyo, lakini bora mmoja alie kuliko wote."

Nilitaka kumpiga. Lakini Mungu anajua, wazo hilo lilikuwa limenipitia mimi pia, na niliona haya kulisikia kinywani mwa mtu mwingine. Nilifikiri nitamwambia nini jioni pale chumbani kwetu, upande wa pili wa pazia. Nilifikiri watoto wa Kakuyuni wakisubiri unga.

"Mwanigombania kama maiti," sauti ikasema nyuma yetu. Kahonzi alikuwa ameshuka, ndoo bado mkononi. "Hakuna aliyeniuliza. Mimi sikutaka kufichwa. Mimi nilitaka kusema."

Akatupita, akashika njia ya ofisini. Tukamfuata.

Bwana Dedan na mwalimu walikuwa barazani. Mkoba wa mwalimu ulikuwa umeshafungwa, uko miguuni pake. Meneja alipoona msafara wa aproni na makoti meupe akasimama wima, nadhani alifikiri ni mgomo. Karisa akasogea mbele, akamweleza yote kwa Kiingereza, mstari, mweria, hofu yetu, mpaka kisa cha hoteli ya jirani. Kilikuwa Kiingereza kizuri, maana meneja alianza kukasirika kabla hakijafika katikati.

"Mmenidanganya," akasema. "Mmemfanya mwalimu mjinga. Haya, sasa ni nani hasa asiyejua?"

Miguu ikakwaruza sakafu. Kahonzi akaweka ndoo chini.

"Ni mimi, bwana."

Mwalimu Idah alikuwa amekaa tena. Hakuonyesha hasira. Akamwuliza Kahonzi swali lile lile, mbele yetu: "Mama, ni wapi maneno hukuishia?"

"Chumba cha mwisho, kule juu."

Kila mtu alikijua chumba cha mwisho. Alikaa humo mzee mmoja wa Kizungu aliyekuja kila mwaka wakati wa mvua, kwa sababu bei ilikuwa chini. Alimsalimu kila mtu kwa jina. Aliwagawia walinzi sigara getini. Mimi mwenyewe alinipa kitana.

"Nikiingia kusafisha yeye hufunga mlango," Kahonzi akasema. Alikuwa akizungumza na ndoo, si na sisi. "Nikiweka ndoo, huisukuma kwa mguu. Nikimwambia sitaki, hucheka, asema haelewi Kiswahili. Anishika. Siku moja nilipata nafasi nikapiga mayowe, kwa lugha ya kwetu, kwa nguvu zangu zote. Wageni walikuwa wapita hapo nje. Nikawasikia wakisimama. Halafu wakapiga makofi. Walidhani naimba."

 Mimi nilikuwa chini siku hiyo, sijui siku gani, mashine zikiunguruma, nakunja taulo.

"Basi mwalimu, mahitaji yangu ndiyo hayo. Nataka neno la kumwambia afungue mlango. Na asipofungua, nataka neno la kupigia mayowe ambalo wale wageni wa nje watalielewa."

Mwalimu alitoa kalamu. Bwana Dedan alikuwa amegeuka kutazama bustani, na shingo yake ilikuwa imevimba mshipa. Alipogeuka alizungumza kama mtu anayepita kwenye miba. Mgeni yule ni wa miaka mingi. Mambo ya namna hii hayana ushahidi. Masomo yatakuwepo, sawa, na hatafukuza mtu, hata Kahonzi atabaki, lakini kwa majaribio.

"Likija lalamiko moja la mgeni juu yake, anarudi Kakuyuni. Na wewe mwalimu, somo la kwanza liwe neno la kumkaribisha mgeni, kama tulivyopanga. Hoteli haifundishi wafanyakazi kumkatalia mgeni."

"Nilikuja kuuliza wanahitaji nini," mwalimu akasema.

"Na umeuliza. Asante."

Nilidhani limekwisha. Lakini kabla ya kwenda barabarani kungoja basi, mwalimu Idah alipita dobi, nilipokuwa na Kahonzi, akaomba maji ya kunywa. Aliyanywa kidogo kidogo sana. Kati ya funda na funda alisema maneno ya Kiingereza, ya kufungua mlango, ya niache, ya nisaidieni, na kila neno alilirudia akiangalia glasi. Meneja angemwuliza kama amefundisha, mwalimu angeweza kuapa kwamba alikunywa maji tu.

Mzee Mramba alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. 

"Mweria ule ulikuwa wa uongo," akasema. "Nilipanga mstari bila kumwuliza mwenye shamba. Shamba ni lako, mwanangu. Sasa tulime."

Tukalima. Kila mapumziko ya mchana, mashine zikiunguruma kutufunika, weita na wapishi na watu wa bustani walijazana kati ya magunia ya nguo chafu. Karisa alitamka, sisi tukafuata, na hakuna aliyeruhusiwa kwenda neno la pili kabla Kahonzi hajalimaliza la kwanza. Simeon alikuwa na aibu, akawa anafika wa kwanza. Mzee Mramba alijing'ata ulimi, akayatoa maneno kwa lafudhi ambayo hata malkia wao asingeijua, lakini aliyatoa.

Kujua neno ni jambo moja, kulisema ni lingine. Kwa maana akilisema, na mgeni akaenda kulalamika, ndio kwaheri ya Kikambala. Kahonzi alilijua hilo na mimi nililijua. Kila asubuhi nilimwona akipanda ngazi nami nikawa sina mikono. Nilizima mashine katikati ya kazi ili nisikilize, Kadii akafikiri zimeharibika. Nilisikia maji, viti, redio ya mtu. Nikawasha tena. Nilichoma mashati ya watu. Nilimkemea kila aliyenisemesha, na usiku nilisali kwa Kikamba, ambacho ndicho nikitumiacho nikiwa na hofu ya kweli.

Ilikuja siku ya mvua kubwa. Nilikuwa nimezima mashine kwa mara sijui ya ngapi niliposikia ndoo ikianguka huko juu, na mlango ukabamizwa.

Halafu sauti yake. Fungua mlango! Fungua mlango! Nisaidieni! Yote kwa Kiingereza, neno kwa neno, kwa mwendo ule ule tuliolima.

Sikumbuki ngazi. Nakumbuka Mzee Mramba alikuwa mbele yangu, na umri wake ule, na Simeon nyuma yangu na mwiko mkononi. Ujia wote wa juu ulikuwa umelowa, ndoo imelala ubavu. Na wengine walikuwa wametutangulia. Mzungu mmoja na mkewe, wageni wa chumba cha jirani, walikuwa wakiupiga mlango ule kwa ngumi, mke akipiga kelele kuliko mume. Wao hawakuhitaji kupanda ngazi. Wao walielewa tu.

Mlango ukafunguliwa. Yule mzee akatokea akitabasamu, shati limetoka nje ya suruali, akaanza kueleza. Kahonzi akapita chini ya mkono wake. Leso ilikuwa imemchanika begani. Alishika mti wa kupigia deki kwa mikono yote miwili, akasimama katikati yetu, na bado alikuwa akisema, kwa sauti ndogo sasa, fungua mlango, fungua mlango, kama aliyesahau jinsi ya kunyamaza.

Bwana Dedan alifika akihema. Mzee wa Kizungu akamgeukia papo hapo na kuanza kulalamika, kidole kimeelekea kwa Kahonzi. Lalamiko moja.  Meneja akamtazama mgeni. Akamtazama yule mke wa Mzungu, aliyekuwa amemvika Kahonzi taulo lake la pwani na kumkumbatia bila kuulizwa. Akatutazama sisi, tuliojaa ukuta hadi ukuta na viatu vyetu ndani ya maji.  Kisha akamwambia yule mzee, kwa sauti ya chini, kwamba hesabu yake itakuwa tayari mapokezi kabla ya chakula cha mchana. Kiingereza changu mimi ni cha sabuni, lakini hayo niliyaelewa yote.

Alasiri chumba cha mwisho kilikuwa kitupu. Nilimwambia Kahonzi akapumzike, nitamtuma mtu mwingine; akasema vyumba vile ni vyake. Nilimpa muda, kisha nikapanda na shuka safi, ambazo kwa kawaida simpelekei mtu. Alikuwa amepiga magoti akisugua chini ya kitanda, akiimba chini chini wimbo wa kwao.

Mlango ulikuwa wazi hadi ukutani, na ndoo alikuwa ameingia nayo ndani.